Dunia Ilivyoonekana Kutoka Jikoni kwa Shangazi

Elirehema amenenepa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza lililonifurahisha siku ile tulipokutana, sisi tuliosoma pamoja sekondari kule Mwika, katika ukumbi wa kukodi mjini Moshi, upande wa Mawenzi. Wengine walikwenda kuonana na wenzao. Mimi nilikwenda kumwona mmoja, na nilitaka nimkute amechakaa. Hakuchakaa. Alivaa koti zuri lenye mlima umeshonwa kifuani, na meno yote alikuwa nayo, ila tumbo lilitangulia kuingia mlangoni naye akafuata baadaye. Basi nikachukua tumbo. Mtu aliyeweka kisasi muda mrefu hujifunza kuridhika na kidogo huku akisubiri kikubwa. Na jina lake lina rehema ndani yake, mtu asije akasema wazazi wake hawakujitahidi.

Kutoka kwangu Soweto, mtaa wa Moshi hiyohiyo, hadi Mawenzi si mbali, mwenye miguu anatembea. Mimi miguu ninayo, mazoea nayo ndiyo sina. Wanangu husema mama akivuka geti basi kuna msiba au kuku ametoroka. Mlima wenyewe sijawahi kuupanda. Nimeuona kila siku tangu nizaliwe, naona inatosha, nao haujawahi kulalamika kwamba siji. Kwa hiyo nilipotoa gauni kabatini wiki nzima kabla ya siku yenyewe, nyumba ilishtuka. "Mama, unakwenda kumwona nani?" akauliza binti yangu. Nikamwambia wenzangu. "Wote?" akauliza. Ananijua huyo. Anajua kwamba Elirehema akisikika redioni huwa nazima, kisha nawasha tena haraka, nisije nikakosa mahali anapojikwaa. Kwani ni mtu mkubwa siku hizi. Alianza kwa kuongoza wageni mlimani, sasa ana vijana wanaoongoza kwa niaba yake, na yeye hupanda tu na wale wanaotaka nyota. Wakishakula kule kambini anawatoa nje, anawaonyesha Zuhura na Mshtarii, kisha anawageuzia jambo lenyewe: je, mtu aliyeko huko akitutazama sisi, anaona nini? Wageni hulia, nimeambiwa. Wakirudi kwao humwandikia.

Tulikuwa katikati ya machalari, nyama imeiva vizuri, ndizi zimekubali, wakati mshereheshaji alipotangaza kwamba tukimaliza kula Mzee wa Nyota atatupa ile habari yake maarufu ya mtu aliyekaa Zuhura akaitazama dunia. Watu wakapiga meza. Mimi nikaweka mfupa chini. Habari ile ni yangu. Ilizaliwa jikoni kwa shangazi yangu Ndeshi, mwaka niliokuwa kidato cha tatu, na niliokuwa nao mezani walishangaa kuona mtu mzima ameshika kijiko kama mtu anayeshika panga.

Mwaka ule nilikaa kwa shangazi kwa sababu kwake kulikuwa karibu na shule, na kwa sababu jiko lake lilikuwa na joto. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya usharika, na baridi. Hakuna aliyekaa humo isipokuwa mchungaji alipokuja, naye alikuwa akimaliza chai upesi. Maisha yalikuwa jikoni. Ng'ombe alikuwa upande mmoja nyuma ya kizuizi cha mbao, anatafuna migomba iliyokatwakatwa na kusikiliza kila neno. Upande wa pili kulikuwa na kuni, mikungu ya ndizi, na rundo la majani ya kesho. Katikati mafiga matatu na moto ambao sikuwahi kuuona umezimika kabisa. Shangazi alikuwa mjane mwenye ulimi. Aliweza kukukaribisha na kukusema kwa sentensi moja. "Kula, mwanangu, kula, usije ukakonda watu wakasema nakunyima, ingawa kwa unavyokula hakuna atakayesema." Hapo ndipo nilipojifunza kukaa ndani. Wenzangu walikuwa na mpira na kwaya. Mimi nilikuwa na moto, mtori wa ndizi na shangazi.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa Mwalimu Masatu, mtu wa Mara, mwaka wake wa kwanza mlimani. Alivaa sweta hata mwezi wa kwanza tunapochomwa na jua, na alituambia kwao ziwani mtu akisikia baridi ndipo hujua anaumwa. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba Zuhura, ile nyota kubwa ya jioni tunayoiona juu ya mibuni kabla hata giza halijaingia, si nyota bali ni sayari kama dunia, haina mwanga wake, inaazima wa jua. Kisha akauliza, kama mtu anayetupa mfupa asiotarajia kuuona tena: "Sasa mtu akiwa huko, sisi anatuonaje? Tunang'aa kama yeye, zaidi yake, au hatuonekani?" Akasema atakayeleta jibu lenye maelezo, ndiye atakayekwenda kuzungumza mjini Moshi mbele ya shule za mkoa mzima. Mimi, ambaye sikutaka kwenda popote, safari ile niliitaka. Sijui niseme nini zaidi. Katika maisha yangu ndiyo safari pekee niliyowahi kuitamani.

Jibu alilileta shangazi bila kujua. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu kabisa na moto, namenya ndizi. Yeye alikuwa nyuma yangu, karibu na mlango, anachuja maziwa. "Wewe umeukumbatia moto," akasema, "mimi nakuona mgongo tu, mweusi kama chungu. Geuka nikuone kama unamenya au umelala." Nikageuka. Nikamwona uso mzima, kila mkunjo, jino lililopungua, hata unyoya wa kuku kwenye kilemba, vyote vimemulikwa na moto ulio mgongoni mwangu. Kisu kikabaki hewani. Zuhura iko karibu na jua kuliko sisi. Ikitukaribia, inakuwa katikati yetu na jua, kwa hiyo inatupa mgongo, na tunachoona ni ukingo mwembamba tu kama kipande cha ukucha. Lakini mtu wa huko akigeuka, saa ileile tulipo karibu naye kabisa, anatuona uso mzima umewaka. Kwa hiyo sisi tunang'aa kwake kuliko yeye anavyong'aa kwetu. Na mwezi wetu ungekuwa pembeni yetu kama nyota ndogo inayomfuata mama yake. Nikamweleza shangazi yote kwa pumzi moja. Akaniangalia. "Na huyo wa Zuhura," akasema, "ananiona nimevaa kanga hii iliyotoboka?" Nikamwambia anaona nyota tu, shangazi. "Basi afadhali." Nikamwambia pia kwamba kule kuna mawingu mazito siku zote, mwalimu amesema. "Kama Kibo mwezi wa nne," akasema. "Sasa si haoni kitu huyo, maskini? Mwambie apande juu ya mawingu kwanza ndipo aanze kutuchungulia."

Mlangoni, kwenye kizingiti, alikuwa amekaa Elirehema na chupa yake, anasubiri maziwa. Kwao ni kihamba cha jirani, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, uzio wa masale ndio uliotutenga, na kila jioni alitumwa na mama yake. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti nzuri, aliyeweza kusoma tangazo la mnada ukatamani kusema amina. Alipokea chupa, akashukuru, akamwamkia shangazi kwa mara ya pili bila sababu, akaenda zake. Nilidhani amefurahia maziwa.

Kesho yake Mwalimu Masatu hakuwa amemaliza hata kufuta ubao. Elirehema akasimama. Akaeleza moto, akaeleza mgongo, akaeleza uso uliomulikwa, akaweka na mwezi pembeni kama mtoto anayemfuata mama. Hakuacha kitu, hata mawingu ya mwezi wa nne. Alichobadilisha ni jiko tu, alilihamishia kwao. Mwalimu akavua miwani, na nilimwona akitafuta neno. Nikasimama nikasema, "Mwalimu, hiyo ni yangu." Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu akauliza kwa upole nina ushahidi gani. Ushahidi wangu ulikuwa shangazi na ng'ombe. Nikasema, "Shangazi yangu alikuwepo jikoni." Darasa likaangua kicheko, na Elirehema, bila kugeuka, akasema polepole: "Mwalimu, huyu hata mnadani haendi. Zuhura amefikaje?" Kuanzia siku ile jina langu likawa Nyota ya Jikoni. Walinisalimia hivyo njiani, waliniita hivyo kwenye mstari wa uji, na mpishi wa shule, aliyekuwa mwanamke mwema, akadhani ni jina la ubatizo.

Nikaapa. Niliapa nikiwa nimesimama kwenye matope ya mfereji, na kiapo kilikuwa rahisi: siku moja Elirehema atasema kwa mdomo wake, mbele ya watu walewale, kwamba ni yangu, na kabla ya siku hiyo nitamfanya ateseke kidogo, kwa njia nitakayoipata. Nilifikiri njia nyingi. Niliwaza kumwekea pilipili kwenye maziwa, lakini chupa ilikuwa ya familia nzima na mdogo wake hakuwa na kosa. Kisasi kizuri hakina haraka, nikajiambia, kinakwenda na mwiko mkononi kama mtori, kinakorogwa.

Ila habari ilimfikia mama yake Elirehema, maana shangazi alikwenda kuisema kwenye uzio, kwa sauti ya kutosha vihamba vitatu. Na mama yule alikuwa mcha Mungu, na pia mwenye busara ya mtu anayetegemea maziwa ya jirani. Akakata jani la isale kwenye uzio wetu huohuo, akampa mwanawe, akamwambia, "Kampe Aikande." Aikande ndiye mimi. Wasio wa kwetu wanaliona isale kama jani refu la kijani la mpakani, basi. Kwetu aliyekosa akikuletea isale humkatalii. Awe amekuchomea banda, awe amekupiga, ukishalipokea mkononi, kesi imekwisha, na kisasi kimekufa. Ukilipiza baada ya hapo, laana ni yako. Wazee walimaliza ugomvi wa koo kwa jani lile. Na mimi nilikuwa na kisasi cha siku chache tu, bado kinanyonya, nikaona wananiletea jani la kukizikia.

Nikalikimbia. Nasema hivyo bila aibu. Mtu anayejulikana kwa kukaa aligeuka swala. Asubuhi nilipita njia ya mfereji, sketi ikaloa hadi magotini, ili nisikutane naye barabarani. Nikagundua pia sheria ambayo wazee hawakuisema: mtu mwenye mikono iliyojaa hawezi kukabidhiwa kitu. Basi nikawa nabeba. Ndoo huku, kuni huku. Nikitoka nina majani ya ng'ombe, nikirudi nina mkungu. Elirehema alisimama njiani, mkono nyuma, jani linachungulia begani kwake, anasema, "Aikande, tua kidogo." Nami nasema, "Nikitua sitaweza kujitwika." Akijitolea kunitua, namwambia mtoto wa kiume hashiki kuni za kike, jambo nililolitunga hapohapo. Shangazi alifurahi. Alimwambia mke wa mchungaji kwamba msichana amebadilika, amekuwa na bidii ya kazi, kwaresima imemwingia.

Aliyenimaliza ni Mwalimu Masatu, na alinimaliza kwa sababu hakuwa wa kwetu. Elirehema alimpelekea lile jani ofisini akamwambia, "Mwalimu, tafadhali, mpe Aikande, ni lake la somo la baiolojia." Mtu wa mlimani angelitupa chini kama makaa. Mwalimu akalibeba hadi kwenye mstari wa asubuhi, akaita mbele ya shule nzima: "Aikande, njoo uchukue sampuli yako." Nikaenda, na kama tulivyofundishwa kupokea kitu kwa mwalimu, nikanyoosha mikono miwili na kuinama kidogo. Macho yalipoiambia mikono ni kitu gani, mikono ilikuwa imeshafunga.  Msichana mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu, amepokea." Mwalimu akatazama huku na huku. "Kuna nini? Lina sumu?" Elirehema alikuwa amesimama kwenye mstari wake, mikono nyuma, ametulia kama mtu aliyetoka kutubu.

Jioni nilimweleza shangazi kwamba halihesabiki. Aliyenipa hakunikosea, na aliyenikosea hakunipa, na mwalimu mwenyewe hakujua alichobeba. Shangazi aliendelea kukoroga. "Mtu wa posta naye hajui kilichomo kwenye barua," akasema, "lakini barua inafika." Nikamwambia ni ujanja. "Ni ujanja, ndiyo. Lakini umepokea kwa mikono miwili, mwanangu, shule nzima imeona. Kuanzia leo hutamsema vibaya, wala hutamfanyia vibaya. Sitaki laana ije ilale na ng'ombe wangu." Nikaumenya mkungu mzima bila kuambiwa. Kisha nikauliza, "Na kunyamaza, shangazi? Kunyamaza nako kumekatazwa?" Akalamba mwiko. "Kunyamaza kumewahi kumuumiza nani?" Ng'ombe akapumua kwa nguvu upande wa pili. Nikaona nimepewa njia.

Mwalimu aliposikia kwamba tumepatana, alifurahi kupita kiasi. Jina la Elirehema lilikwisha pelekwa mjini. Sasa, akasema, Aikande amsaidie mwenzake kujiandaa, kwani anaonekana naye ana hamu ya mambo haya. Hamu. Basi yule aliyekaa kizingitini akaingizwa ndani, akapewa kigoda na bakuli la mtori, na mimi nikawa namfundisha vitu vyangu ili akavisemee kwenye safari yangu. Nilimfundisha kwa haki, sikumpa hata neno moja la uongo. Isale lilikuwa limenifunga mikono na ulimi. Nilimwambia habari ya Mirihi, kwamba huko mambo yanageuka: sasa sisi ndio tulio karibu na moto, kwa hiyo tukimkaribia sana mtu wa Mirihi anauona mgongo wetu, na ili atuone tunang'aa inabidi tuwe pembeni. Nilimwambia kwamba mwenye kusimama kwenye mwezi mmoja wa Mshtarii angeiona Mshtarii imejaa angani kama sinia, usiku wake haujui giza. Nilimwambia kwamba hata mwishoni kabisa, Neptuni, ambako jua limekuwa dogo kama tundu la sindano, tundu hilo bado linawaka kuliko mwezi wetu mpevu mara nyingi. Alisikiliza vizuri, nakiri. Na alipoyarudia, yalipendeza kuliko nilipoyasema. Mimi nilikuwa na jambo, yeye alikuwa na mdomo, na dunia hulipa mdomo.

Jioni ya mwisho alikuja na kitabu cha mwalimu. Kulikuwa na picha: ardhi ya mwezi, ya kijivu, na juu yake dunia yetu nusu, ya bluu, inatokeza. "Hii ndiyo nitakayomalizia," akasema, macho yanang'aa. "Watu wa mwezini wanaketi nje jioni, wanasubiri dunia ichomoze. Kubwa, ya bluu, inawamulikia mpaka wanaweza kusoma Biblia. Asubuhi inazama. Kama sisi na mwezi, Aikande, sivyo?" Nikaitazama picha. Ilipigwa na watu waliokuwa ndani ya chombo kinachouzunguka mwezi, wao ndio waliokuwa wakienda. Aliyesimama mwezini haoni hivyo. Mwezi unatuonyesha uso uleule siku zote, kama ndama aliyefungwa kambani anavyoizunguka nguzo huku ameikabili. Na kwa ndama nguzo haichomozi wala haizami, iko palepale mbele ya pua yake. Dunia kule mwezini hukaa mahali pamoja angani, inajaa na kupungua, haiendi kokote. Ni mtu wa nyumbani kama mimi. Kubwa ni kubwa kweli, na mwanga wake unazidi mwezi mpevu mara nyingi, Biblia ingesomeka. Lakini kuchomoza, hapana. Yote hayo niliyajua, yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Shangazi alikuwa ameinamia maziwa. Elirehema alikuwa anasubiri. Nikasema, "Mm."

Mm ile si ndiyo, si hapana. Kwetu mtu anaweza kuolewa kwa mm na asiolewe kwa mm ileile. Yeye aliichukua kuwa ndiyo, kwa sababu alikuwa ameshaipenda picha. Huo ndio ulikuwa kisasi changu chote, herufi mbili, na jani la isale halikuwa na la kusema.

Nilikwenda mjini, ndiyo, kama msaidizi wa kubeba taa. Shangazi alinishonea gauni lenye kola kwa ajili ya kukaa nyuma. Ukumbi ulijaa walimu, wachungaji na wanafunzi wenye soksi nyeupe. Elirehema alisema ya moto, akasema ya Mirihi, nikawa nahesabu pumzi nikisubiri amalizie. Akafika. Akawaketisha watu wa mwezini nje ya nyumba zao, akaichomoza dunia juu ya upeo polepole kwa mikono yake miwili, na mimi nikamkazia macho mzee wa meza kuu mwenye vitabu vitatu mbele yake, nikingoja akunje uso. Akatoa leso. Akajifuta macho. Ukumbi ukasimama. Elirehema akapewa ushindi wa mkoa, kamusi, na kupeana mkono na kila mtu aliyevaa tai, na shangazi, msaliti, aliyekuja nasi kusikiliza, alipiga makofi mpaka kilemba kikalegea. "Hata kama ni mwizi," akaniambia sikioni, "ameiba akaosha." Ndipo nilipojua udhaifu wa kisasi cha kunyamaza: kinahitaji hadhira inayojua. Nilichimba shimo, akaliruka wala hakujua kama lilikuwepo.

Basi habari hiyo ndiyo aliyopanda nayo mlimani miaka yote. Shangazi alifariki, ng'ombe aliuzwa, mimi nikashuka Soweto nikaolewa, nikalea, nikakaa. Na kila usiku wenye anga safi, kule juu, dunia yangu ilikuwa inachomoza kwa makosa mbele ya wageni wenye makoti mazito, na wanalia. Kuna siku kosa hilo lilinifariji. Kuna siku liliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa lake lakini uzuri wote uliolizunguka ulikuwa wangu.

Katika ukumbi ule wa Mawenzi alisimama, akafunga vifungo vya koti, vikagoma, akaviacha. "Nilipokuwa kijana," akaanza, "nilikaa jikoni kwetu, mama yangu yuko nyuma yangu..." Nikamsikiliza akimweka mama yake mahali pa shangazi. Alipofika kwenye unyoya wa kuku kilembani, nilikunja kitambaa cha meza. Kisha akawatoa watu wa mwezini nje, akaichomoza dunia. Watu waliguna kwa utamu. Na wakati wanaanza kupiga makofi, binti wa mwenzetu mmoja, anayesoma chuo, aliyekuja kumsindikiza mama yake, akanyoosha mkono. "Shikamoo, mzee. Samahani. Mwezini dunia si haichomozi? Si huwa inakaa palepale?" Makofi yakakatika. Mama yake akamvuta sketi. Elirehema akatabasamu kwa utulivu, na utulivu ule nilikuwa naujua tangu kwenye mstari wa asubuhi. "Mwanangu," akasema, "hiyo usiniulize mimi. Hiyo nilifundishwa na Aikande. Yule pale nyuma ya chupa za soda."

Miaka yote nilisubiri jina langu litoke mdomoni mwake mbele ya watu walewale. Likatoka. Ya moto akajiwekea, ya Mirihi akajiwekea, kosa ndilo akanipa. Watu wakageuka wote, viti vikalia. Nikainuka, na kwa jinsi ninavyoinuka siku hizi ilichukua muda, nikaenda mbele nikiburuta kiti changu. Nikakiweka katikati, nikakaa.

"Mzee wa Nyota," nikamwambia, "mimi ni dunia. Wewe ni mwezi. Nizunguke."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, maana anapenda kutazamwa, akaanza kutembea.

"La, usinipe ubavu. Mwezi una uso mmoja kwetu. Nikabili, kisha zunguka."

Ikabidi aende upande upande kama kaa, tumbo limenielekea, mikono imepanuka. Akamaliza raundi.

"Nimezama?"

"Hujazama."

"Zunguka tena, labda nitachomoza." Akazunguka. Jasho likaanza kumtoka, na mlima kifuani ukawa unapanda na kushuka. "Nimechomoza?"

"Hapana, Aikande. Uko palepale."

"Sema wasikie."

"Yuko palepale!" akasema, na yule binti wa chuo akapiga makofi peke yake.

"Endelea. Ile ya moto ilikuwa jikoni kwa nani?"

Akasita mguu hewani. Watu wengine pale walikuwa wameshaacha kucheka. Kulikuwa na walioniita Nyota ya Jikoni, na niliwaona wakikumbuka. "Kwa shangazi yako," akasema.

"Na aliyeisema?"

"Wewe. Ilikuwa yako. Yote ilikuwa yako, dada yangu, niruhusu nikae, kichwa kinazunguka." Akashika mgongo wa kiti changu, akahema. Kisha akaniinamia, kwa sauti ya chini ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Sasa hii ya kuchomoza, ulijua? Mwaka ule ulijua?"

"Nilijua."

"Nimewaambia watu maisha yangu yote. Kwa nini hukunisahihisha?"

"Ulisema zote ni zako," nikamwambia. "Ningekusahihishaje kitu chako?"

 Alisimama pale akifuta shingo, anatafuta kwa macho kiti kilicho karibu. Nikamwambia azunguke mara moja zaidi, kwa sababu waliokaa meza za nyuma hawakuona vizuri.